Hofu Yenye Mahali Pake

Kila vuli, kabla ardhi haijaganda, mimi huchimba makaburi mawili ambayo bado hayana wenyewe. Nayafunika kwa mbao, juu ya mbao natandaza nyasi kavu na turubai, kisha naenda zangu nyumbani kusubiri. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu kabla yake, maana hapa Kisiwa cha Tamarack ardhi ya Januari haichimbiki hata kwa baruti, na watu hawachagui mwezi wa kufa. Zamani mtu akipita pale makaburini alivua kofia. Siku hizi wenye nyumba za kiangazi wameniletea ombi kupitia baraza la kisiwa, kwamba nichimbe mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Sikuwajibu.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya jirani yangu Verlyn Gravelle, ambaye sote tulimwita mtu wa miti.

Kazi yake ilikuwa hivi. Baridi ikikaza, ziwa likashika barafu na feri ikalazwa gatini, njia ya gari kwenda mjini Corliss ni juu ya barafu tu. Sikukuu zikipita, kila nyumba hutupa nje mti wake wa Krismasi. Verlyn aliikusanya yote kwa pikapu na kuisimamisha ziwani mstari mmoja mrefu, kutoka kisiwani hadi bara, ili dhoruba ya theluji ikimfumba dereva macho aende mti hadi mti. Kabla ya kusimamisha mti alipiga barafu kwa mtaimbo, akaitoboa kwa keekee, akalala kifudifudi akaisikiliza. Mwisho alivuka yeye mwenyewe kwa gari, wa kwanza, bila mkanda, vioo vimeshushwa, mlango wa dereva wazi na mguu mmoja nusu nje, ili gari likizama asizame nalo. Akirudi salama, ndipo alipofungua mnyororo uliozuia mteremko wa kuingilia ziwani. Hakuna mwingine aliyeugusa mnyororo ule. Baba yake alikuwa mtu wa miti nilipokuwa kijana, na siku aliposema hapana, hata padri alikaa nyumbani na mgonjwa akangoja upako.

Wakati huo barafu ilikuwa na tabia. Ilikuja Desemba, nyeusi na ngumu, ikakaa hadi Aprili, na ilipotaka kuondoka ilisema wiki nzima kabla. Sasa inaganda, inanyeshewa mvua, mvua ya Januari, kisha inaganda tena juu ya maji yake yenyewe, tabaka juu ya tabaka kama keki ya dukani. Ukiitazama inang'aa vizuri. Verlyn aliulizwa swali lilelile aliloulizwa baba yake, lakini kitu alichoulizwa habari zake hakikuwa kilekile tena.

Sijui kama hilo ndilo lililomwanzishia ugonjwa. Yeye mwenyewe alisema ulianza na jiko la kuni linalopasha nyumba joto. Alitoka nyumbani, akafika njia panda, akageuka kwenda kuhakikisha jiko limezimwa. Kisha akageuka mara mbili, kisha kila mara. Baadaye simu ikilia mikono ilimtoka jasho. Baadaye mkewe Bernadine alimkuta ameketi ndani ya gari mbele ya duka la vyakula, injini imezimwa, hawezi kushuka, maziwa yamesahaulika, na hakuna kitu chochote cha kuogopwa mbele yake isipokuwa mlango wa duka.

Mimi niliyajua haya kwa sababu ya mtoto wa jicho. Kiangazi kile nilikuwa nikivuka kwenda kliniki ya Corliss kutibiwa macho, na siku moja Verlyn akaja uani kwangu akasimama, akipigapiga turubai langu kwa ncha ya kiatu.

"Mzee Anselm, Jumanne unakwenda bara?"

"Macho yangu yanakwenda. Mimi nayafuata tu."

"Nikupeleke?"

"Tangu lini umeanza kunipenda?"

Hakucheka. Ndani ya feri alishika reli kama mtu anayening'inia. Uso ulikuwa na rangi ya unga.

"Jiko nimelizima?" akaniuliza.

"Verlyn, huu ni mwezi wa saba. Jiko lenu halijawashwa tangu Mei."

"Najua. Ndiyo shida yenyewe. Najua, na kujua hakunisaidii."

Kliniki ya macho ilikuwa chini. Yeye alipanda ghorofani. Tuliporudi nikamuuliza huko juu kuna nini, akaniambia bila kuficha kwamba kuna mwanasaikolojia, anaitwa Daktari Skaar, na kwamba anakwenda kutibiwa wasiwasi. Nikamwambia baba yake naye alikuwa na daktari wa wasiwasi, jina lake shoka, na dawa yake rundo la kuni.

"Baba alitapika kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye barafu," Verlyn akasema. "Mama ndiye aliyemwaga ndoo. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimemwona mzee yule akishuka mteremkoni na mtaimbo begani miaka na miaka, anapiga mluzi, na nilidhani ule mluzi ni mluzi.

Basi tukawa tunavuka pamoja. Wakati wa kurudi aliniambia walichozungumza, nafikiri kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kumhurumia. Daktari Skaar alikuwa mama mfupi mwenye soksi nene za sufu, aliyezaliwa mbali na ziwa lolote. Hakumpa maneno matamu. Alimpa kazi. Simama sehemu ya chini ya feri, pale unapopaogopa, ukae hadi hofu ichoke yenyewe. Toka nyumbani, usirudi kuangalia jiko, acha moyo upige kelele utakavyo. Tena alimfundisha jambo moja ambalo hata mimi, nisiyependa mambo mapya, nilikwenda nalo nyumbani nikalifikiria. Alimwambia hofu ikija usiifukuze wala usiitii. Iulize swali moja: wapi?

"Hofu ya ugonjwa haina mahali," Verlyn akanieleza. "Ukiiuliza wapi, inasema kila mahali. Inasema itakuwaje kama hivi, itakuwaje kama vile. Inazunguka. Haiwezi kukuonyesha kidole."

"Na ile nyingine?"

"Anasema hiyo nyingine nitaijua mimi. Yeye hajui barafu."

Vuli ilipofika alikuwa anatoka nyumbani mara moja tu. Bernadine aliniambia kwamba siku ya kwanza alipofika njia panda na hakugeuka, yeye alisimama dirishani na sahani mkononi akalia hadi povu la sabuni likakauka. Alikuwa mwanamke mwema, mwema kupita kiasi, na ndipo kosa lilipoingilia. Kisiwani kwetu mtu akiumwa mgongo tunajua sote, lakini akiumwa namna ile tunanyamaza, na Bernadine akaona kunyamaza ni kumwacha mumewe peke yake. Akamwambia kaka yake. Alimwambia kwa nia njema kabisa, ili amsaidie Verlyn na asimtanie kama alivyozoea kumtania.

Kaka yake alikuwa Duane Hokkanen, mwenye kituo cha petroli na kiti katika baraza la kisiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mkarimu, asiyeweza kukaa na jambo ndani ya mdomo wake. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, kisiwa kizima kilijua kwamba mtu wa miti anakwenda kwa daktari wa kichwa kwa sababu ya hofu.

Mwanzoni ilikuwa mizaha tu. Kituoni walimwambia, "Verlyn, kahawa ya moto hiyo, usiogope." Akajibu, "Naogopa ulivyoipika." Wakacheka wote. Nilikuwepo, na sikupenda namna walivyoacha kucheka.

Mwaka ule nilichimba makaburi mawili kama kawaida. La kwanza nililijua ni la nani. Bibi Irja Hokkanen, mama yao Duane na Bernadine, alikuwa amelazwa hospitali ya bara tangu majani yalipopukutika, na kila aliyekwenda kumwona alirudi akizungumza habari za hali ya hewa.

Alifariki katikati ya Januari, baada ya siku za mvua na kabla ya baridi kali iliyofuata. Desturi yetu ni kwamba aliyezaliwa kisiwani anarudi kisiwani. Wakati wa baridi tuna boti ya feni, chombo cha bati chenye mapanga ya ndege mgongoni kinachoteleza juu ya barafu na kupeleka watoto shule, lakini mlango wake mwembamba haupitishi jeneza. Kwa hiyo maiti hungoja barabara. Na barabara ilikuwa neno la Verlyn, mkwe wa marehemu.

Miti ilikwisha kusimamishwa. Mnyororo ulikuwa bado umefungwa. Baridi ilishuka, anga likawa safi, barafu ikameremeta, na kila mwenye macho mawili alisema iko tayari. Verlyn akatoka asubuhi kwenda kuipima, akarudi mchana, akasema hapana.

Duane alimfuata hadi ukumbi wa kanisa, tulikokuwa tukipanga viti.

"Shemeji, mama yangu yuko kwenye jokofu la watu bara. Unasema hapana?"

"Nasema bado."

"Barafu ina unene gani?"

"Unene unatosha. Si unene. Katikati kuna maji ya mvua yaliyofungiwa, na mkondo umehama."

"Umeuona huo mkondo?"

"Hauonekani."

"Ahaa." Duane akatutazama sote, kisha akashusha sauti, na aliposhusha sauti ndipo alipokuwa mbaya zaidi. "Verlyn, ndugu yangu, mimi nakupenda. Lakini tangu mwaka jana umeogopa simu. Umeogopa mlango wa duka. Umeogopa jiko lililozimwa. Sasa unaogopa barafu. Tutajuaje kwamba hii siyo ileile?"

Nilimtazama Verlyn nikitazamia akasirike. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa na mwingine swali ambalo amekuwa akijiuliza mwenyewe tangu alfajiri.

"Sijui," akasema.

Hilo ndilo lililomwangusha. Baba yake asingelisema kamwe, awe anatapika au hatapiki. Watu wakaanza tena kupanga viti, polepole, kama wanavyofanya wanapokwisha kuamua. Baraza likasema mazishi Jumamosi.

Alimpigia simu Daktari Skaar akiwa ndani ya gari lake, mbele ya nyumba yangu, nami nilikuwa kiti cha pili kwa sababu aliniomba niwepo. Aliiweka simu juu ya dashibodi, sauti kubwa, ili nami nisikie.

"Niambie tu," akamwambia, "ni ugonjwa au si ugonjwa?"

"Siwezi kukuambia, Verlyn," yule mama akajibu. "Nikikuambia ni ugonjwa, na barafu ikavunjika, nitakuwa nimeua watu. Nikikuambia ni barafu, nitakuwa nakudanganya, maana sijui lolote juu ya barafu. Umeiuliza ile hofu?"

"Nimeiuliza nikiwa ukumbini. Ilisema kila mahali."

"Ukumbini ulikuwa unaogopa nini? Barafu, au Duane?"

Nje ziwa likatoa ule mlio wake, mlio mrefu unaoanzia mbali na kupita chini ya kila kitu. Wageni huuona mzuri.

"Nenda ukaiulize palepale," Daktari Skaar akasema. "Usiende peke yako."

Tukaenda, mimi nyuma yake, kamba imefungwa kiunoni mwangu na kiunoni mwake, katikati tumeachana mbali ili tusizame wote. Nilikuwa na mtoto wa jicho katika jicho moja na jingine lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji, na mwanga wa theluji ulinichoma. Alikwenda mti kwa mti. Kwenye kila mti alisimama, akapiga mtaimbo, akangoja. Nilimwona mabega yake yakipanda na kushuka. Mara nyingine alisimama muda mrefu bila kupiga, naye akiwa anatetemeka waziwazi, kisha akaendelea mbele hukohuko alikokuwa akikuogopa. Sijapata kuona mtu akitembea kwa shida namna ile kwenye mahali tambarare.

Nje ya rasi, mstari wa miti unapopinda kukwepa fungu la mchanga, alisimama. Mabega yakatulia. Akapiga mtaimbo mara moja, akageuza kichwa kama anayeitwa.

"Mzee Anselm," akaniita bila kupaza sauti. "Usije."

"Vipi?"

"Hapa. Kutoka mti huu hadi ule. Si pengine. Ni hapa tu." Na alikuwa anakaribia kutabasamu. "Nimeiuliza wapi, imenionyesha kidole."

"Na kule tulikopita?"

"Kule nilikuwa naogopa tu."

Akanionyesha njia nyingine, kaskazini, kuzunguka fungu la mchanga kwa upande wa kina kirefu ambako mkondo haufiki. Ilikuwa mbali zaidi, na kulikuwa na matuta ya barafu ambayo gari haliwezi kuyapanda. Kwa miguu inawezekana. Kwa sleji na kamba inawezekana.

Alirudi akawaambia watu hivyo. Duane akagonga meza.

"Mama yangu si kuni za kuburutwa!"

"Baba tulimburuta," Bernadine akasema. Alikuwa kimya siku zote zile, na alipozungumza hakuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akiukanda. "Mama mwenyewe alishika kamba ya mbele. Ulikuwa mdogo, Duane, ulipanda juu ya jeneza ukalala. Mama anakwenda kwa sleji. Mume wangu amesema wapi, na mimi nimesikia."

"Dada, unamfuata mtu anayeogopa jiko?"

"Namfuata. Wewe unaogopa nini?"

Duane akachukua kofia yake akatoka.

Jumamosi baridi ilikuwa ya kukata masikio, anga jeupe. Tulivuka alfajiri kwa boti ya feni hadi Corliss kumchukua marehemu. Tulikuwa wachache kuliko ilivyopasa. Wengine walisema watangoja makaburini. Jeneza likafungwa kwenye sleji niliyoitoa ghalani, ileile ya wakati wa baba yangu, vyuma vyake nimevipaka nta. Kamba mbili ndefu, watu wameachana. Tulifundishwa hivyo utotoni, na niliwaona vijana wa miaka hamsini wakijaribu kukumbuka.

Duane alikuwa na pikapu yake upande ule wa bara, aliyoiacha huko kabla feri haijalazwa. Aliiosha. Alikuwa amevaa suti chini ya koti. Akaenda mteremkoni, mbele yetu sote, akainama akaufungua mnyororo wa upande wa bara, pacha wa ule wa kisiwani, kwa mikono yake.

Ulilia ulipoanguka juu ya saruji. Wanawake wawili walitazama chini.

"Duane," Verlyn akamwita. Alikwenda hadi dirishani kwake. "Kama unakwenda, nenda. Lakini fungua mlango. Usifunge mkanda."

"Unaona, shemeji? Hata mlango unauogopa ukifungwa."

Akaufunga mlango. Akapandisha kioo. Tukasikia mkanda ukiingia mahali pake, tak, na gari likateremka.

Tuliondoka na sleji kuelekea kaskazini. Tulikuwa tunaliona lile gari mbali upande wetu wa kulia, jekundu, likienda kando ya miti, mti baada ya mti. Tulivuta, na wote tulikuwa tunalitazama, hata padri aliyekuwa akisoma sala. Lilipokaribia pale rasi, Bernadine aliacha kuvuta. Kamba ikalegea. Sleji ikasimama.

Ziwa likalia. Haukuwa ule mlio mrefu. Ulikuwa mfupi, kama ubao unaovunjwa gotini. Gari lilipunguza mwendo, nikaliona limeinama kidogo upande wa nyuma, au macho yangu yalinidanganya. Kisha likaendelea, likapita mti wa pili, likapanda ufukwe wa kisiwani kando ya mnyororo, na Duane akapiga honi mara nyingi kama mwenye harusi.

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka kwa pumzi. Mwingine akasema, "Basi tungepanda gari tu." Verlyn alishika kamba akaanza kuvuta.

Tulimzika Bibi Irja katika kaburi nililomchimbia. La pili lilikuwa kando, chini ya turubai lake, na watu walilizunguka bila kulitazama. Baadaye ukumbini kulikuwa na kahawa na mkate mtamu wa iliki, ule ambao marehemu mwenyewe aliupikia kila msiba, na Duane alisimama katikati akiwa na pua nyekundu, kati ya kilio na kicheko, anamkumbatia kila mtu. Alimkumbatia Verlyn pia.

"Mwambie daktari wako," akamwambia, "mgonjwa wake mmoja amepona."

Verlyn akaweka kikombe chini, akaniita kwa jicho. Tukatoka tukiwaacha, tukachukua kamba na mtaimbo, tukateremka.

Pale rasi hatukuhitaji mtaimbo. Alama za matairi zilikuja zimenyooka na kavu, zikafika kwenye ule mti, na kutoka hapo hadi mti wa pili zilikuwa zimejaa maji. Maji meusi, yanapanda taratibu, yanatoa ukungu kwenye baridi. Kati ya alama mbili ufa ulipita upana wa kiganja, na ulikuwa unapumua. Nasema unapumua kwa sababu niliuona ukifunga na kufungua.

"Kipande kizima kilishuka akiwa juu yake," Verlyn akasema. "Kikarudi."

"Hakujua?"

"Vioo vilikuwa vimefungwa."

Nilirudi ukumbini nikawaambia. Niliwaambia kwa maneno niliyoyaandika hapa, si zaidi. Wakanisikiliza kwa adabu wanayowapa wazee. Kisha mjumbe mmoja wa baraza akaniuliza, "Mzee Anselm, uliona kwa jicho lipi? Lile lililopasuliwa au lile linalongoja?" Wakacheka, si kwa ubaya. Duane akasema ni maji ya juu tu, theluji huyakandamiza, kila mtoto anajua. Hakuna aliyeacha mkate wake akaenda kutazama. Jioni theluji ilianguka ikafunika miti hadi kiunoni, na alama zote, na baridi ikaufunga ule ufa juu juu kama ngozi inavyofunga juu ya usaha.

Magari yalipita majira yale yote. Yalipita usiku na mchana, milango imefungwa, muziki unapigwa. Hakuna aliyezama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu ndicho kinachonitisha. Barafu ikishika mara moja kwa bahati watu huiita ujuzi.

Masika baraza likampa Duane kazi ya miti. Walifanya kwa upole. Walimpa Verlyn saa ya ukutani na maneno kwamba apumzike, ashughulikie afya yake. Wanadhani walimwonea huruma. Zamani kazi ile haikutolewa na baraza. Mtu alikufa nayo au aliizeekea, kisha mwanawe akachukua mtaimbo.

Verlyn bado anakwenda kwa Daktari Skaar, siku hizi mara chache. Anasimama sehemu ya chini ya feri akila karanga. Nilimuuliza kama haimuumi, kwamba alikuwa sahihi na hakuna aliyemwamini.

"Inaniuma," akasema. "Lakini mzee wangu, miaka mitatu sikujua sauti ipi ni yangu. Sasa najua. Hata wasiponisikiliza, mimi naisikia." Akatupa ganda la karanga majini. "Bernadine nimemwambia. Mwaka huu yeye na mimi tutavuka kwa boti ya feni tu."

"Na wengine?"

"Nitakuwa natembea na kamba kandokando ya miti, kila siku watakapokuwa wanapita. Sina mnyororo, lakini kamba ni yangu."

Aliniambia hivyo wiki iliyopita. Jana majani ya mwisho yalianguka. Duane amekwisha kubandika tangazo kituoni kwake kwamba barabara itafunguliwa mapema kuliko mwaka wowote, na amepaka rangi mnyororo.

Kaburi la pili la mwaka jana halikutumika. Nimelifunua leo, kuta zake bado zimenyooka, nimelifagia. Kisha nikachimba jingine kando yake, kama kawaida, yakawa mawili. Nikakaa juu ya mbao, nikawa natazama ziwa likitulia chini kule, kijivu, bila upepo. Jua lilikuwa bado liko juu, na ardhi ilikuwa bado laini. Nikachukua koleo nikaanza la tatu.